Fundi Kutu

Mama yangu amejaribu mara nyingi kuwaeleza watu kazi ninayofanya, na kila akijaribu anaharibu zaidi. Mwanzoni alisema niko kwenye mambo ya kompyuta, nikaanza kuletewa simu zilizoingia maji. Akarekebisha, akasema nachora. Mwenyekiti wa kwaya akaja na shuka jeupe akitaka Yesu anayetembea juu ya maji, apatikane kabla ya Pasaka. Mwisho Mama akapata jibu aliloona limekamilika: "Anapaka rangi." Asubuhi iliyofuata, ukungu wa Kilolo ukiwa bado umekaa juu ya mahindi, nikamkuta mzee mmoja mlangoni kashika debe la rangi ya mafuta na brashi mbili.

"Kamwene."

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Chumba ni futi kumi kwa kumi na mbili. Utando wa buibui nimeshautoa mwenyewe, ili usinichaji sana."

Na Mama hakusema uongo. Napaka rangi kweli. Ila ninachopaka ni vyombo vya angani ambavyo havipo popote, na rangi inayonilisha zaidi ni ya kutu.

Zile filamu za watu wanaosafiri kwenda sayari nyingine, meli zao siku hizi nyingi hujengwa ndani ya kompyuta. Fundi wa kwanza hutengeneza umbo. Likitoka mikononi mwake huwa la kijivu, laini kama yai lililomenywa, halina hata mkwaruzo. Hapo ndipo ninapoitwa mimi. Wenye kazi wanaita tekscha. Mimi nikiwa nyumbani naiita ngozi, kwa sababu hatua ya kwanza ni kuchuna mbuzi, wala sitanii. Kitu cha mviringo hukipaki rangi vizuri mpaka ukichane mahali na kukitandaza. Aliyewahi kuchuna mbuzi wa Krismasi anajua: unapasua tumboni, unazungusha kisu miguuni, unavuta, mwisho ngozi inalala chini bapa na bado unatambua kwamba hapa palikuwa shingo, hapa mgongo. Nasi tunaichuna meli hivyo hivyo, tunaitandaza, tunaipaka, kisha tunaivalisha ngozi yake tena na kuomba Mungu mtazamaji asiuone mshono. Ujanja huo wa kubandika picha juu ya umbo aliueleza Ed Catmull katika tasnifu yake ya udaktari huko Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwaka 1974. Mwaka huo huo Baba Mdogo wangu alikuwa utingo wa lori la Bedford. Tutamrudia.

Meli kubwa haitoshi ngozi moja. Inakatwa vipande, na kila kipande kina namba yake: cha kwanza ni 1001, cha pili 1002, hadi 1010, ukipanda mstari wa juu unaanza 1011. Kipande kimoja kikiwa na nukta 4096 kila upande, hizo ni nukta milioni 16 na ushee za kupaka, na meli moja inaweza kuwa na vipande sitini. Nilimweleza Mama haya yote kwa ustadi mkubwa, nikachora hata mchoro chini kwa kijiti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza vile elfu moja vya mwanzo wamevipeleka wapi.

Jambo lililompendeza ni moja tu. Programu maarufu ya kazi hii, iliyotengenezwa kwenye kampuni ya Weta Digital huko New Zealand wakati wa filamu ya Avatar ya 2009, inaitwa Mari, na jina hilo wamelitoa kwenye neno letu: maridadi. Wamelikata katikati, wakachukua nusu. "Na hiyo dadi?" Mama akauliza. Nikamwambia dadi tumebaki nayo sisi. Sikuwa na uwezo wa kuinunua hata hiyo nusu, nikajifunzia Blender, ambayo ni ya bure, na aliyenitia moyo ni Nabwana wa Wakaliga, kule Kampala, aliyetoa filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe. Helikopta zake zinaruka kama nzi aliyelewa, na dunia nzima imezipenda. Miaka ya karibuni Waganda wamepanda daraja: kwenye mkusanyiko wa katuni fupi uitwao Kizazi Moto, wa 2023, Raymond Malinga ana hadithi ya wachunga ng'ombe ambao miili yao ni nusu mashine. Hiyo Mama aliielewa mara moja. Alichohoji ni kwa nini mashine hizo zisilime.

Sasa kutu inaingiaje? Inaingia kwa sababu kitu safi kwenye filamu kinaonekana cha uongo. Mwaka 1968, kwenye 2001: A Space Odyssey, vyombo vilikuwa vyeupe kama wodi ya hospitali. Ilipofika 1977 ikatoka Star Wars na meli zilizopigika, zenye masizi na mabaka, zinazowaka kwa kubembelezwa, kama kosta za kwenda Iringa. Tangu hapo wateja wanataka meli yenye historia. Kwa hiyo jirani yangu anashinda juani akiparua kutu kwenye bati lake kwa brashi ya waya, nami niko upande wa pili wa ukuta naiongeza, na mimi ndiye ninayelipwa. Siku moja Mama aliingia kufuta vumbi. Akafuta meza, akafuta tableti ya kuchorea kwa kitambaa kibichi (nikafumba macho), kisha akaitazama meli kwenye skrini, akasema, "Na hii mbona umeiacha ichafuke hivi?" Akaisugua nayo. Aliposugua mara ya tatu haitoki, akaenda kuchukua sabuni.

Kutu haitoki kichwani lakini. Lazima uitafute, uipige picha, uisome. Na hapa Kilolo tuna bahati ambayo mabingwa wa Ulaya wanainunua kwa fedha: ukungu. Picha ya ngozi ya kitu haitaki jua kali, maana jua linaleta kivuli, na kivuli kikishaingia kwenye picha huwezi kukihamisha ukiligeuza umbo. Wenzetu wanafunga taa na vitambaa vyeupe ili mwanga uwe laini, usiotoka upande wowote. Sisi milima ya Udzungwa inatufungia kitambaa hicho bure, mwezi wa sita na wa saba hata siku tatu mfululizo. Watu wanaulalamikia, nguo hazikauki, watoto wanakohoa. Mimi nikiamka nikakuta sioni choo cha jirani, moyo unacheza.

Choo chenyewe ndicho kilichonitia matatani.

Mlango wake ni debe la mafuta ya kula lililonyooshwa na kupigiliwa juu ya mbao. Kila msumari umelia: kutoka kwenye kichwa chake umeteremka mchirizi wa kahawia, mpana juu, unaochongoka kwa chini, na pale mabati mawili yanapopandana maji yamekaa ndani yakala rangi mpaka imeinuka magamba kama mkate wa jana. Chini, mahali mguu unaposukumia, hapana kutu kabisa, pamesuguliwa pakang'aa. Nilikuwa nimepiga picha ya tisa, nimesogea mpaka pua inagusa bati, sauti ikatoka ndani.

"Kuna mtu!"

Nilishtuka, nikasema jambo la kwanza lililonijia. "Najua, mama. Endelea tu. Tafadhali usifungue mlango, mwanga ni mzuri."

Kufika saa nne niko ofisi ya mtendaji. Alikuwepo mwenye choo, mume wa mwenye choo, mjumbe, na vijana wawili wasiohusika waliokuja kusikiliza. Mtendaji akaomba kamera. Akaanza kupitia picha moja moja, kwa utaratibu, akilamba kidole kana kwamba anafunua daftari: kutu, kutu, gome la mti, ufa wa ukuta, kutu, matope, kisigino cha buti kwenye matope, kutu. Zilikuwa 214. Alipofika kwenye 100 hivi alianza kuharakisha. Mwisho akanirudishia kamera kwa mikono miwili, akamgeukia yule mama na kusema kwa upole, "Huyu hana ubaya. Huyu anahitaji maombi."

Ya umeme nayapita haraka, maana siwezi kumlaumu mtu. Luku iliisha. Dada alikuwa anapiga pasi sare za watoto, birika la umeme linachemka, nami nina saa tatu za kazi ambazo sijazihifadhi. Kiza kilipoingia nilisikia dada akisema, "Aa, bahati nimemaliza."

Basi ikaja kazi kubwa. Studio moja ya nje ilinitafuta, wanataka ngozi ya meli ya mizigo iliyochoka, iliyobeba miaka arobaini bila kupumzika, mlango wa rubani uonekane kwa karibu. Sikuwaza mara mbili. Nyuma ya nyumba ya Baba Mdogo limelala lile lori la Bedford. Alianza nalo utingo, akawa dereva, akaja kulinunua likiwa limechoka, akalitumia mpaka likagoma. Limebeba pareto, limebeba viazi, limebeba mbao, limeteremka Kitonga breki zikinuka. Sasa kuku wanalala ndani. Mlango wake wa kulia ulikuwa ndio kilele cha kutu yote niliyowahi kuiona wilayani. Rangi ya kwanza kijani, juu yake nyekundu, juu yake kijivu, na zote tatu zimechungulia mahali tofauti kwa sababu tofauti. Na chini ya dirisha, kwenye ukingo, kulikuwa na baka lenye umbo la yai, limelika rangi zote mpaka chuma, laini, halina kutu hata chembe, linateleza ukilipitisha kidole.

Nilipiga picha nusu ya mlango, mvua ikaanza. Baba Mdogo alikuwa barazani ananitazama. Akaniuliza za nini. Hapa ndipo nilipokosea. Ningesema "za kwangu tu" yangekwisha. Mimi nikajitutumua: "Wazungu wanataka kuliona lori lako, Baba Mdogo. Litaingia kwenye sinema. Ijumaa narudi kumalizia."

"Ijumaa?"

"Ijumaa."

Ijumaa nilifika na kamera, betri zimejaa, ukungu mzito kama maziwa ya mgando. Kwa mbali nikaona kitu cha bluu. Nikadhani wameanika turubai. Nikasogea. Lori lote, kuanzia bampa hadi tela, lilikuwa la bluu ya mafuta, ile ya kupakia madirisha ya madarasa, bado inanata, na manyoya ya kuku yamekwishashika upande wa kushoto. Matairi, ambayo hayana upepo tangu sijazaliwa, yamepigwa kiwi nyeusi. Mbele yake amesimama Baba Mdogo, amevaa koti la suti, mikono nyuma.

"Sikutaka tuaibike," akasema.

Nilimtazama, nikalitazama lori. Alikuwa ameuza gunia la viazi kununulia rangi ile. Nikameza mate.

"Limependeza, Baba Mdogo."

"Limependeza eh?"

"Mno."

Nikapiga picha. Nilipiga nyingi, kila upande, naye ndani ya baadhi. Kisha nikakaa juu ya debe, nikafungua daftari, nikamwomba anikumbushe mlango ulivyokuwa. Alinishangaa, lakini dereva mstaafu humwombi mara mbili azungumze. Kumbe kila alama alikuwa anaijua kama mtu anavyojua makovu ya mwanawe. Pale palipotoboka chini ni gunia la mbolea lililopasuka kwenye mvua. Mbolea ina chumvi, ikakaa kwenye kona msimu mzima. Ile mikwaruzo kuzunguka kitasa ni funguo za utingo mmoja asiyeona vizuri usiku. Lile tone jeusi lililochirizika ni lami ya Ilula, siku waliposhusha nyanya na kupakia pipa. "Na lile baka la yai?" nikauliza. Hakujibu. Akanyoosha mkono wa kulia, akaukunja, akautegemeza hewani mahali dirisha lilipo. Kiwiko. Miaka yote ile, mkono mmoja kwenye usukani, kiwiko nje, akiisugua ile rangi kila kwenye shimo.

Kisha akauliza swali ambalo nilitamani asiulize.

"Hiyo ndege ya hao wazungu inatembea wapi?"

"Angani, Baba Mdogo. Juu kabisa, kupita mawingu."

"Huko mvua inanyesha?"

"Hainyeshi. Hata hewa hakuna."

"Sasa kutu imetoka wapi?"

Nilimwambia hivyo ndivyo wanavyotaka. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama ambavyo mtendaji alinitikisia. "Na huyo dereva wa huko," akaongeza, "anatoa kiwiko nje?"

Nilipaka usiku na mchana wiki tatu. Kutu kila msumari, kutu kila mshono, na pale kwenye ukingo wa dirisha la rubani, ambalo halifunguki na likifunguka atakufa, nikaweka baka la yai.

Mafaili yalikuwa makubwa mno kwa bando, ikabidi niyapakie kwenye diski ya nje, eksteno, niende nayo Iringa mjini kwenye intaneti ya uhakika. Ilikuwa msimu wa ulanzi. Asiyeujua ulanzi aelewe kwamba ni utomvu wa mwanzi mchanga: asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anapewa, lakini unaendelea kuchacha wenyewe ndani ya chombo na hauombi ruhusa ya mtu. Ndani ya kosta mama mmoja alikuwa na dumu la lita 20, na utingo, kwa kuogopa harufu, akamlazimisha akaze kifuniko mpaka mwisho. Barabara ya kwetu ina kona na mashimo. Tulipokaribia kuteremkia Ipogolo dumu lilikuwa limevimba kama mpira. Mtu akasema, "Mama, legeza hicho kifuniko." Hakuwahi. Sitasahau mlio ule. Kifuniko kiligonga dari, na kosta nzima, pamoja na mchungaji aliyekaa siti ya mbele, ikabatizwa. Begi langu lilikuwa miguuni mwa yule mama, linaelea.

Eksteno ilipona kwa sababu moja. Asubuhi Mama alikuwa ameikuta mezani, akadhani ni redio yangu, akaifunga pamoja na viazi vya kuchemsha ndani ya mfuko wa nailoni, mmoja wa ile aliyoificha chini ya godoro ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Kazi ya wiki tatu ilifika ikiwa kavu na ya moto kidogo. Mimi nilifika nikinuka kilabu, na kijana wa kwenye intaneti akanitaka nilipe kwanza.

Baada ya siku nne majibu yakarudi, ukurasa mmoja na nusu. Nimetafsiri kwa kifupi: ngozi ni nzuri, lakini angani hakuna mvua wala hewa, kwa hiyo toa kutu yote, weka vumbi na alama za joto. Niliyasoma mara mbili. Nikamtafuta Baba Mdogo akilini, nikaona anatabasamu. Niliitoa kutu yote: misumari iliyolia, mbolea ya chumvi, lami ya Ilula. Mwishoni mwa ukurasa kulikuwa na mstari mmoja peke yake. Baka lililo chini ya dirisha, hatujui ni la nini, liache.

Filamu ilipotoka niliipakua, nikaita ukoo. Mama alileta chai na viazi. Watoto walikaa chini, Baba Mdogo akapewa kiti chenye mgongo, amevaa lile koti. Tulikaa saa moja na dakika ishirini meli haijaonekana. Dada akaanza kusuka nywele za mtoto. Ndipo ikatokea upande wa kushoto, inageuka taratibu, mlango wa rubani ukapita mbele yetu kwa karibu, na taa fulani ikapiga kwenye ukingo wa dirisha, pakang'aa umbo la yai. Sekunde mbili. Kisha kitu kikaipiga, meli ikalipuka vipande vipande.

Watoto wakashangilia. Mama akauliza kama hiyo waliyoilipua ndiyo ile aliyotaka kuipiga sabuni. Baba Mdogo hakusema kitu. Alikuwa ameukunja mkono wa kulia, anautazama.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Ikageuka, ikang'aa, ikalipuka.

"Rudisha tena. Ila usifike kwenye moto."